Katibu Ameacha Kula

Tafakari ya juma. Somo: 1 Wafalme 19:1–8



Waliolala nyumba moja na simbilisi wanazijua kelele zao za alfajiri. Ukikanyaga tu kizingiti cha jiko, ukitikisa mfuko, ukiinua fungu la majani, wote hupiga filimbi kwa pamoja kama watoto wa shule waliosikia kengele ya uji. Kwetu ndiyo saa ya kuamkia. Jumanne ya juma lililopita niliingia jikoni kuchochea moto, nikatikisa mfuko, zikalia filimbi nne. Tunao watano.

Wa tano anaitwa Katibu. Jina alipewa na mjukuu wangu wa darasa la tatu, kwa sababu mnyama huyu hukaa pembeni ameinamisha kichwa, mdomo ukienda mfululizo kama mtu anayenong'ona maneno kabla ya kuyaandika kwenye muhtasari. Katibu wa baraza la wazee wa usharika alipoambiwa alicheka sana, akasema heri huyo wa jikoni, yeye halaumiwi kwa kuchelewesha muhtasari.

Siku hiyo Katibu alikuwa amejikunyata nyuma ya gunia la mkaa, manyoya yamesimama, macho nusu. Nilimwekea jani la mabingobingo chini ya pua. Hakuligusa. Nikajisemea atakula baadaye, nikafunga tai, nikaenda kikaoni. Niliporudi jioni jani lilikuwa palepale, limenyauka, na mjukuu wangu amekaa sakafuni kando yake na sare ya shule mwilini, naye hajala.

Nakiri mbele yenu kwamba nilicheka. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, simbilisi ni mboga."

Kwa huku kwetu nyanda za juu hilo si tusi. Nyumba nyingi za vijijini Njombe, Iringa na Mbeya hufuga simbilisi kwa ajili ya kitoweo, na mara nyingi ndiye mfugo wa kwanza wa mtoto: hadai banda la gharama, hula nyasi na mabaki ya jikoni, hubeba mimba kwa miezi miwili na siku kadhaa, kisha huzaa watoto walioota manyoya tayari, macho wazi, ambao ndani ya siku chache wanatafuna nyasi. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, ambako watu wamemfuga kwa maelfu ya miaka. Katika kanisa kuu la Cusco, nchini Peru, kuna mchoro wa Karamu ya Mwisho wa Marcos Zapata, wa karne ya 18, na katikati ya meza ya Bwana, juu ya sahani, yupo simbilisi amelala chali miguu juu. Nilionyeshwa picha yake nikiwa mwanafunzi wa theolojia. Darasa zima likacheka, isipokuwa mwenzetu mmoja wa kutoka Makete aliyesema mchoraji huyo alijua chakula.

Kwa hiyo sisemi kumla ni dhambi. Nasema kwamba nilipolitamka neno lile nilikuwa nakimbia kazi. Nabii Nathani alipotaka Daudi aione dhambi yake hakuanza na amri kumi. Alimsimulia habari za maskini mwenye mwanakondoo mmoja tu, aliyekula tonge lake na kulala kifuani pake, na mfalme aliyekulia machungani akawaka hasira. Mimi nimelihubiri somo hilo mara nyingi, tena kwa machozi. Jioni ile mwenye mwanakondoo alikuwa amekaa sakafuni kwangu, nami nikamfanyia mzaha.

Mama Mchungaji, mke wangu, hakucheka. Alikuwa amefagia nyuma ya gunia, akaniambia, "Baba, huyu tangu asubuhi hajapata choo."

Hapo ndipo nilipompigia simu bwana mifugo, na kilichofuata kinaniaibisha zaidi ya ule mzaha. Nilikuwa nimeshika chupa ya amoksilini ya maji, iliyobaki mjukuu alipougua kifua, kifuniko nimeshakifungua. Nikamweleza kwa kujiamini kwamba namwanzishia dawa. Alipaza sauti hadi nikaiweka simu mbali na sikio. Amoksilini na dawa nyingine za jamii ya penisilini, akasema, ukimnywesha simbilisi huua wale bakteria wema wa tumboni wanaomsagia nyasi, na nafasi yao huchukuliwa na wabaya wanaotoa sumu. Dawa inayomponya mtoto humuua simbilisi ndani ya siku chache. "Mchungaji, funga hiyo chupa. Una uji?"

Sikumwelewa. Nilikuwa natafuta dawa, yeye ananiuliza habari za uji.

Akanieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto wa kipaimara. Ng'ombe akipoteza hamu ya kula kwa siku moja, unaweza kumtazama hadi kesho. Simbilisi hangojwi. Matumbo yake yanahitaji chakula kiingie mfululizo ili yaendelee kusukuma. Asipokula, mwendo unasimama, gesi inajaa, maumivu yanamwondolea hata ile hamu kidogo iliyobaki. Mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake wenyewe, na ini linazidiwa nayo. Tena meno yake 20 yote hukua maisha yake yote, hayapungui ila kwa kutafuna. Saa 24 bila chakula kwake ni hatari kubwa. "Na anapokuonyesha kwamba anaumwa," akasema, "ujue ameumwa siku nyingi. Huyu ni windo la mwewe, la paka, la nyoka. Anayeonekana mnyonge ndiye anayebebwa kwanza. Kwa hiyo hujikaza hadi asiweze tena kujikaza."

Sentensi hiyo ya mwisho niliiandika nyuma ya ratiba ya ibada. Ndiyo iliyonifanya nibadilishe tafakari ya juma hili, maana nilikuwa nimeandaa nyingine kuhusu utoaji.

Asubuhi bwana mifugo alifika kwa pikipiki. Hakufungua mkoba. Aliuliza swali moja: mwezi huu wote mmekuwa mkiwapa nini? Tukatazamana. Mnaijua baridi yetu ya mwezi wa saba. Sakitu ilikuwa imeunguza nyasi karibu zote hadi bondeni, na tangu hapo tulikuwa tukiwamwagia pumba na mabua makavu. Wale wanne wenye nguvu waliokota mabaki ya mboga yaliyodondoka chini ya meza. Katibu, kwa ile tabia yake ya kukaa pembeni, hakupata kitu. Bwana mifugo akamgusa goti la nyuma, naye Katibu akalia kilio ambacho sikujua kinaweza kutoka kwenye mwili mdogo vile. Akamfunua mdomo: fizi zilikuwa na damu.

"Kiseyeye," akasema.

Ugonjwa huo wa kukosa vitamini C una historia yake na simbilisi. Mwaka 1907, huko Norwei, Axel Holst na Theodor Frølich walikuwa wakitafuta chanzo cha beriberi, ugonjwa uliowasumbua mabaharia. Waliwalisha simbilisi nafaka na mikate mitupu. Walichokiona hakikuwa beriberi bali kiseyeye kilekile cha wanamaji: fizi za damu, viungo vyenye maumivu, mifupa iliyodhoofika; na walipoongeza mboga mbichi kwenye chakula, ugonjwa ulizuilika. Njia ya kuijua vitamini C ilifunguliwa kwa sehemu kubwa na wanyama wale. Nasi, miaka zaidi ya 100 baadaye, tukalirudia jaribio lao jikoni kwetu bila kujua, kwa pumba za mahindi.

Mbuzi, kuku na paka hujitengenezea vitamini C ndani ya miili yao. Simbilisi hawezi, sharti aipate kutoka nje, tena kila siku, kwa kuwa mwili wake hauihifadhi kwa muda mrefu. Mwingine asiyeweza ni mimi na wewe. Mzaha wangu kuhusu mboga ulizidi kunikaa vibaya.

Sasa sikilizeni jinsi anavyolishwa, kwa faida ya wenye simbilisi na wasio nao. Unatwanga majani mabichi laini, unayachuja, unachanganya na chakula cha sungura cha dukani kilicholowekwa hadi kikawa laini, unaongeza maji ya uvuguvugu mpaka uji upite kwenye bomba la sindano lisilo na sindano. Vitamini C ni ile tupu, miligramu 50 kwa siku kwa mnyama wa uzito wake, imesagwa na kutiwa kwenye uji. Ukiitia kwenye maji ya kunywa nguvu yake hupotea upesi. Mnyama anashikwa kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, kisha anawekwa mapajani juu ya kitambaa, akiwa amekaa wima. Usimlaze chali. Bomba linaingia kwa pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele. Ukilielekeza moja kwa moja kooni, uji utaingia kwenye mapafu na umemuua kwa wema wako. Unasukuma kidogo, kama robo ya kijiko cha chai. Unangoja. Anatafuna, au hatafuni. Akikataa, unapumzika naye, unajaribu tena. Ukimaliza unamfuta kidevu. Baada ya saa tatu au nne unaanza upya, na usiku unahesabiwa.

Kila asubuhi anapimwa, kwa sababu jicho la mtu anayependa hudanganya. Tuliazima mizani ya dukani. Jumatano alikuwa gramu 610. Alhamisi 598. Ijumaa 590.

Tuligawana zamu. Mama Mchungaji saa tatu usiku, mimi saa sita na saa tisa, mjukuu alfajiri kabla ya shule. Mtu mwenye umri wangu akikaa jikoni saa tisa usiku, simbilisi mapajani na bomba mkononi, hukumbuka mambo.

Nilimkumbuka Eliya. Tunapenda kumhubiri wa Karmeli, wa moto ulioshuka. Huyu wa sura ya 19 tunampitia haraka: amekimbia vitisho vya Yezebeli, amemwacha mtumishi wake Beer-sheba, amekwenda mwendo wa siku moja jangwani peke yake, ameketi chini ya mretemu, ameomba afe, amelala. Nabii ameacha kula. Malaika anakuja. Tazama asichokifanya. Hamwulizi imani imekwenda wapi. Hamkumbushi ushindi wa juzi. Anamgusa, anamwambia ainuke ale, na kichwani pake upo mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula na kunywa, kisha, na hapa ndipo wengi wetu tungekasirika, analala tena. Malaika hamkemei. Anarudi mara ya pili, anamgusa, anamwambia tena ainuke ale, akikiri mbele yake kwamba safari ni kubwa kuliko nguvu zake. Swali la Mungu, lile la kumwuliza anafanya nini hapo, halikuja chini ya mretemu. Lilikuja Horebu, baada ya milo miwili, usingizi, na mwendo wa siku 40. Sisi wachungaji mara nyingi huanza na swali la Horebu wakati mtu bado yuko chini ya mti.

Nikamkumbuka na mama mmoja wa usharika niliohudumu zamani, mji mdogo wa barabarani. Mumewe alifariki ghafla. Msiba ulikuwa mkubwa: maturubai mawili, masufuria ya pilau, kwaya tatu. Siku tatu watu walikula pale. Siku ya nne maturubai yakarudishwa, masufuria yakaoshwa, kila mtu akaenda kwake na chungu chake. Nilimtembelea baada ya majuma mawili. Nilimsomea, nikaomba maombi marefu, nikamwambia mama jikaze, kula, una watoto. Akajibu, "Ndiyo, Mchungaji. Asante, Mchungaji." Alikuwa amevaa vizuri, amenitandikia na kitambaa cha meza. Nikaandika kwenye daftari la ziara kwamba amefarijika.

Jiko lake lilikuwa baridi. Nilipita karibu nalo nilipokuwa natoka na sikuliangalia.

Aliyeliangalia ni jirani yake, mama muuza vitumbua, Mwislamu, ambaye hakuwa kwenye orodha yoyote ya huduma zetu. Nilikuja kulisikia jambo hili baada ya mwaka mzima, tena kwa mjane mwenyewe. Kila alfajiri, kabla ya kubandika kikaango chake, yule mama alipitia mlango wa uani na nusu kikombe cha uji. Hakuleta sufuria, wala hakuleta maneno. Alikaa kizingitini akichambua mchele wake wa vitumbua, kikombe amekiweka pembeni, kana kwamba amekisahau hapo. Siku nyingine kilirudi kimejaa. Alikibeba bila kusema, na kesho yake akaja tena na nusu kikombe. "Alijua nikiletewa kikombe kizima nitakataa," mjane akaniambia. Ikachukua karibu mwezi.

Mimi nilikuwa nimelielekeza bomba langu moja kwa moja kooni.

Sitaki mtu aseme Mchungaji amewalinganisha wafiwa na simbilisi. Nimeyaweka pamoja kwa sababu yalinijia pamoja, saa tisa usiku, na kwa sababu kosa langu lilikuwa lile lile mara zote mbili: nilimwona asiyekula, nikasema atakula baadaye. Na kama ni kulinganisha, nimejilinganisha mwenyewe na yule muuza vitumbua, na mnajua nani alizidiwa.

Usiku wa kuamkia Jumamosi nilikuwa nimesinzia na bomba mkononi. Nilizinduliwa na sauti ndogo, kavu, kama mtu anayekwaruza karatasi kwa kucha. Nilidhani ni panya. Nikawasha tochi ya simu. Katibu alikuwa ameshika ncha ya jani moja la nyasi ambalo mjukuu wangu huliacha kando yake kila jioni, hata siku ambazo haligusi, na alikuwa analivuta ndani ya mdomo taratibu sana, akisimama, akipumzika, akivuta tena. Jani la urefu wa kiganja lilimchukua muda mrefu kuliko mahubiri yangu, na mnayajua. Sikusogea hata mguu uliokufa ganzi.

Sikumwamsha mtoto. Mama Mchungaji anasema hilo nalo lilikuwa kosa, na nadhani amesema kweli.

Leo Alhamisi ninapoandika haya, mizani imesoma gramu 632. Bado anachechemea mguu wa nyuma, bado tunampa uji mara mbili kwa siku, na bwana mifugo amesema tusishangilie kabla ya mwezi kuisha. Pilipili hoho na majani ya sukuma wiki kutoka sokoni sasa yanagawiwa wote watano, kila mmoja wake, na mjukuu wangu husimama kuhakikisha wa pembeni amepata. Asubuhi ya leo nilipotikisa mfuko nilihesabu filimbi. Ya tano ilikuwa na mkwaruzo, lakini ilikuwapo.

Ninalo ombi. Katika mitaa yetu zipo nyumba ambazo maturubai yameshaondolewa, na ninyi mnazijua kuliko mimi. Wapo pia wazee wanaoishi peke yao, na yupo kijana mmoja aliyerudi kutoka mjini bila kazi ambaye hatoki ndani. Wote tunawaambia "jikaze", na wote hujibu "ndiyo". Naomba tuanzishe zamu za uji, nyumba kwa nyumba, kikombe kidogo, bila risala na bila wimbo. Atakayekwenda asiende na Biblia mkononi siku za kwanza. Mimi mchungaji wenu ndiye ninayesema hivyo, nanyi msilifanye neno hili kuwa la Sinodi. Akae kidogo. Kikombe kikirudi kimejaa, asiulize, na kesho yake aende tena.

Majina yataandikwa Jumapili hii baada ya ibada ya kwanza, kwenye meza ya Idara ya Wanawake, na akina baba mnakaribishwa. Zamu za jioni zimeshapata watu. Ile ya saa kumi na moja alfajiri bado haina mtu.